Chupa sita kutoka Bandol: neno "familia" kwenye lebo lina uzito gani?

SWALI: Mwanangu anaishi Marseille. Likizo hii amekuja Moshi na chupa sita za mvinyo, zote za shamba moja la familia lililo karibu na Bandol, kusini mwa Ufaransa: mbili nyeupe, mbili roze, mbili nyekundu za mwaka 2020. Anasema shamba ni la ukoo mmoja tangu enzi za babu, na kwamba kule ni nchi ya jua. Mimi nimezoea mvinyo wa Dodoma, ule mtamu. Roze yake imepauka kama maji yaliyolowekwa ganda la kitunguu. Nyekundu niliifungua Jumapili, ikanikausha mdomo na kunuka banda la mbuzi. Je, tumeuziwa jina tu? Na hilo neno "familia" lina maana yoyote, au ni la kuvutia wateja? – Mwalimu mstaafu, Moshi

JIBU: Shikamoo mwalimu. Nianze na banda la mbuzi, maana naona ndilo lililokukera hasa.

Hukuuziwa jina. Hiyo harufu ina mwenyewe, naye ni zabibu nyeusi iitwayo mourvèdre. Sheria ya Bandol inataka mvinyo mwekundu uwe na angalau nusu yake zabibu hiyo, na wakulima wengi huweka zaidi ya hapo. Kinachobaki huwa grenache na cinsault. Mourvèdre ni zabibu yenye ganda nene na tabia ngumu. Mvinyo wake ukiwa bado mchanga, na umefungiwa kwenye chupa bila hewa, hutoa harufu za ngozi, manyoya na nyama mbichi, wakati mwingine hata moshi. Sisi wa kazi hii huwa tunasema mvinyo "umejifunga". Ukiumimina kwenye jagi na kuuacha saa mbili au tatu, ile harufu ya zizi hupungua na nyingine zinajitokeza: zambarau mbivu, majani makavu ya mlimani, pilipili manga kidogo.

Lakini sitaki kuutetea kila mvinyo unaonuka. Upo ugonjwa wa kweli unaofanana na hili, unaoletwa na chachu iitwayo brettanomyces, ambayo hupenda kujificha kwenye mapipa ya zamani. Kidogo chake wapo wanaokipenda, wanadai kinaupa mvinyo "utu uzima". Kikizidi, mvinyo wote unakuwa farasi mtupu. Namna ya kutofautisha ni hilohilo jagi. Harufu ikipungua kwa hewa, mvinyo ulikuwa umejifunga tu. Ikikaa palepale au ikiongezeka, basi hiyo ni kasoro na una haki ya kulalamika. Chupa ya pili unayo, kwa hiyo kipimo unacho nyumbani.

Huko kukauka mdomo ni jambo jingine. Hiyo ni tanini, na Kiswahili kina neno lake zuri kuliko lugha nyingi: ukakasi. Ni kilekile unachokisikia ukitafuna bibo la mkorosho au ndizi ambayo haijaiva. Tanini hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na kiasi fulani kwenye mbao za pipa. Mvinyo wa kunywa mwaka huuhuu hauhitaji tanini nyingi. Wa kuweka unazihitaji, kwa sababu ndizo zinazoulinda. Miaka inavyokwenda zinashikana, zinakuwa nzito na kutua chini ya chupa kama mashapo, na kile kilichokuwa kinakwaruza kinalainika. Wewe umefungua mwaka 2020 wa zabibu ambayo watu wa Bandol wenyewe huisubiri miaka minane, kumi, wengine kumi na tano. Umekutana nayo ikiwa bado haijakua.

Hapo ndipo swali lako la familia linapoingia, ingawa si kwa njia ambayo lebo inataka uamini.

Bandol ni bandari ndogo katika mkoa wa Var, kati ya Marseille na Toulon. Mizabibu pwani ile ni ya zamani sana. Wagiriki walioanzisha Marseille yapata mwaka 600 kabla ya Kristo ndio wanaotajwa kuwa waliileta. Karne nyingi baadaye mapipa ya mvinyo yalikuwa yakipakiwa bandarini Bandol yakiwa yamechomwa chapa ya herufi B, na mvinyo huo ulisifiwa kwa kuvumilia safari ndefu za baharini. Kuanzia miaka ya 1860 kusini mwa Ufaransa kulivamiwa na filoksera, mdudu mdogo kutoka Amerika anayekula mizizi ya mzabibu, na mashamba yakafa kwa maelfu ya hekta. Dawa iliyopatikana ni kupandikiza mzabibu wa Ulaya juu ya shina la Kimarekani linalomstahimili mdudu. Sasa mourvèdre ilikuwa ngumu kupandikizwa, inachelewa kuiva, na inazaa kidogo. Mkulima aliyefilisika angeipanda ya nini? Wengi walipanda aina zinazobeba, zabibu ikawa nyingi na mvinyo ukawa wa bei ya chini.

Aliyeng'ang'ania kuirudisha ni Lucien Peyraud wa Domaine Tempier. Mwaka 1936 alimwoa Lucie Tempier, binti wa ukoo uliokuwa na shamba kule Le Castellet. Wanaoisimulia habari hii husema baba mkwe alimfungulia chupa ya zamani, ya kabla ya filoksera, na kijana akashangaa jinsi ilivyokuwa hai. Akauliza ni zabibu gani, akaambiwa mourvèdre. Yeye na majirani wachache walipigania Bandol itambuliwe kisheria, na mnamo 1941, katikati ya vita, hati ikatoka. Kiwango cha lazima cha mourvèdre kilipandishwa hatua kwa hatua baada ya hapo hadi kufika nusu. Lucie, ambaye kila mtu alimwita Lulu, alilea watoto saba na kulisha wageni wasiohesabika kwenye meza ya shamba lile. Alifariki Oktoba 2020 akiwa na miaka 102.

Nakusimulia haya kwa sababu ndiyo maana pekee ya "familia" ambayo mimi naiheshimu katika biashara hii. Ukipanda mourvèdre leo, utakunywa mvinyo wake wa maana ukiwa na mvi, na anayefaidi zaidi ni mwanao. Sheria ya Bandol inadai mvinyo mwekundu ukae kwenye mbao miezi 18 kabla haujawekwa kwenye chupa. Muda wote huo fedha imelala ghalani haizai kitu. Zabibu lazima zivunwe kwa mkono. Mavuno yamewekewa kikomo cha hektolita 40 kwa hekta, yaani lita 4,000, wakati jirani zao wa Côtes de Provence (Provence ni eneo lote lile la kusini-mashariki mwa Ufaransa) wanaruhusiwa 55. Piga hesabu mwalimu: lita 4,000 ni chupa zipatazo 5,300, na hekta yenye miche 5,000 inakupa kama chupa moja kwa mche. Mche mmoja, mwaka mzima, chupa moja! Mhasibu wa kampuni akiziona namba hizo atauliza kwa nini msing'oe mkapande kitu kingine. Mtu aliyerithi anajibu kwamba baba yake ndiye aliyeipanda, na mazungumzo yanaishia hapo.

Hata hivyo neno lenyewe kwenye lebo halikuhakikishii lolote. "Bandol" inalindwa na sheria. "Famille" ni neno la kawaida, kila mtu anaweza kuliandika. Ukitaka kujua kama shamba ndilo lililolima na kutengeneza, tafuta maneno mengine yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. "Mis en bouteille au domaine" au "au château" maana yake mvinyo umewekwa kwenye chupa palepale shambani. "Mis en bouteille dans la région de production" ni kwamba umewekwa mahali fulani katika mkoa ule, usiulize wapi. Ukiona "mis en bouteille par" likifuatiwa na jina la kampuni na mji ulio mbali, umenunua kwa mfanyabiashara aliyekusanya huku na huku. Si dhambi, ila usilipe bei ya shamba.

Kuna "mis en bouteille à la propriété" inayowachanganya wengi, kwa sababu hata chama cha ushirika kinaruhusiwa kuitumia. Na hapa mtu wa Moshi ataelewa kuliko msomaji wangu wa mahali pengine: familia nyingi za Provence zina mizabibu lakini hazina mitambo, kwa hiyo hupeleka zabibu ushirika, kama wakulima wa Kilimanjaro wanavyopeleka kahawa chama cha msingi. Familia ni ya kweli, shamba ni la kweli, lakini zabibu zimechanganywa na za wengine. Kuna ushirika unaotengeneza mvinyo mzuri kuliko mashamba mengi yenye mageti ya chuma.

Angalia pia kofia ya chupa, ile karatasi ya bati juu ya kizibo. Nyingi zina mhuri wa kodi wenye kichwa cha mwanamke, Marianne, na pembeni herufi. R ni ya aliyevuna mwenyewe, N ni ya mfanyabiashara. Siku hizi mhuri huo si wa lazima, kwa hiyo usishtuke usipouona. Na ukikuta alama ya mtu aliyebeba pipa, huyo ni mwanachama wa Vignerons Indépendants, wakulima waliokubaliana kwamba kila mmoja analima, anavuna, anatengeneza, anaweka kwenye chupa na kuuza vyake mwenyewe. Kati ya alama zote, hiyo ndiyo naiamini zaidi.

Neno château lisikutishe. Huko kusini linaweza kuwa nyumba ya shamba yenye trekta mlangoni na kuku uani.

Kwa nini nasisitiza haya? Kwa sababu pwani ile inabadilika mikono. Roze imekuwa biashara ya dunia, na wenye fedha wameona. Mwaka 2004 nyumba ya Champagne ya Louis Roederer ilinunua sehemu kubwa ya Domaines Ott, ambayo ina shamba hata Bandol. Mwaka 2019 LVMH, kampuni ya mikoba na manukato ya kifahari, ilichukua hisa nyingi za Château d'Esclans. Mashamba hayo hayajaharibika, na mengine yamepata fedha za kutengeneza vitu vilivyokuwa vimechakaa. Lakini majina ya zamani yanabaki kwenye lebo, na mnunuzi anaendelea kuona picha ya babu.

Ndani ya ukoo wenyewe pia kuna mtihani. Sheria ya urithi ya Ufaransa inawalinda watoto wote; huwezi kumpa kifungua mimba shamba zima na kuwaacha wengine mikono mitupu. Baada ya vizazi viwili, hekta 20 zina warithi 12, wawili wako shambani na kumi wako Paris na Lyon wakiangalia bei ya ardhi iliyo karibu na bahari. Ndiyo maana wengi huunda kampuni za kifamilia ili wagawane hisa badala ya kukata ardhi. Kwenye lebo utakuta herufi kama EARL au SCEA kabla ya jina la ukoo. Wengine wakiziona hudhani ni kampuni kubwa imejificha. Mara nyingi ni ndugu waliokubaliana wasigombane.

Sasa hilo jua. Mwanao amesema kweli, lakini amesema nusu. Provence hupata karibu saa 3,000 za jua kwa mwaka, na bila jua hilo mourvèdre isingeiva kabisa. Ila jua peke yake hata Dodoma lipo, tena la kutosha. Tofauti iko kwenye baridi. Dodoma mzabibu haulali. Mkulima anaupogoa na kuuvuna mara mbili kwa mwaka. Bandol mzabibu hupukutisha majani, unalala majira yote ya baridi, unaamka Machi au Aprili, na unavunwa mara moja tu, kuanzia mwisho wa Agosti au Septemba, mourvèdre ikiwa ya mwisho mwisho. Zabibu inaiva polepole, na bahari usiku inatuliza joto, hivyo sukari inapanda bila uchachu wote kupotea. Halafu kuna mistral, upepo mkavu unaoshuka kutoka kaskazini kupitia bonde la mto Rhône. Ukivuma kwa nguvu unang'oa vigae vya paa na kuwafanya watu wawe wakali majumbani. Mkulima analalamika, lakini moyoni anashukuru, maana mvua ikinyesha mistral inakausha vichala kabla ukungu haujashika, na dawa za kupulizia zinapungua. Mizabibu yenyewe imepandwa kwenye matuta yaliyozuiwa kwa kuta za mawe, wenyewe huyaita restanques. Waliozijenga hizo kuta wamekufa zamani, na mvua kubwa ikibomoa moja, ni lazima mtu wa leo ainame kuipanga upya jiwe kwa jiwe.

Mvinyo huo hauna utamu kwa sababu chachu imeachwa ikala sukari yote na kuigeuza kilevi. Ndiyo maana nyekundu ya Bandol hufika asilimia 14 kwa urahisi. Mtu aliyezoea utamu akiunywa kwa mara ya kwanza huona kama umemnyima kitu. Usijilazimishe kuupenda kwa sababu ni wa Ufaransa.

Roze haijatiwa maji. Kamua zabibu nyeusi uone: maji yake karibu hayana rangi. Rangi yote iko kwenye ganda. Ukiyaacha maji na maganda wiki mbili au tatu unapata mvinyo mwekundu. Ukiyatenganisha baada ya saa chache, au ukikamua moja kwa moja, unapata roze. Kupauka ni namna ya Provence, ambako karibu asilimia 90 ya mvinyo wenye hadhi ya eneo ni roze. Wala si mchanganyiko wa nyeupe na nyekundu. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya ilitaka kuruhusu mchanganyiko huo. Wakulima wa Provence walipiga kelele hadi pendekezo likaondolewa Juni mwaka uleule. Champagne ndiyo iliyoachiwa kufanya hivyo, kwa desturi yake ya zamani. Roze ya Bandol ina mourvèdre ndani yake, angalau sehemu ya tano, kwa hiyo ina mwili kuliko roze nyingi. Jaribu na samaki wa kupaka, hata kuku wa nazi. Haizimiki mbele ya viungo. Chupa zake ni nyeupe zinazopitisha mwanga, na mwanga unauharibu mvinyo, basi usiziweke kwenye kabati la vioo sebuleni kwa ajili ya wageni kuziona. Nakujua, ulitaka kuziweka.

Nyeupe sina mengi ya kusema. Nusu yake au zaidi ni clairette, inatengenezwa kidogo kule, na ni ya kunywa mwaka huu ikiwa baridi, pamoja na sato au sangara mwenye limau.

Kuhusu ile nyekundu iliyobaki. Ningekuwa Bandol ningekuambia uisahau miaka mitano. Kwa Moshi sikuambii hivyo, labda uwe na chumba kinachobaki chini ya nyuzi 20 mwaka mzima. Joto la kupanda na kushuka linauchosha mvinyo kabla haujazeeka. Ilaze chini, gizani, mbali na jiko na mbali na juu ya friji ambako watu wengi hupenda kuweka chupa. Isubiri hadi Krismasi, watoto wakipanda mlimani na mbuzi akichomwa. Iingize kwenye friji nusu saa, maana ushauri wa "joto la chumba" uliandikwa na watu wenye vyumba vya baridi. Uizibue asubuhi, umimine yote kwenye jagi la kioo taratibu, na mashapo yakianza kuonekana shingoni uache. Mafuta ya nyama yanashika tanini, na ule ukakasi uliokusumbua Jumapili utaona umepungua sana ukiwa na kipande cha paja kinywani. Onja na asubuhi ileile, kabla ya hewa, ili mwenyewe upime lile suala la banda.

Na ile chupa ya Jumapili, kama hukuimwaga na bado iko kwenye friji, iingize jikoni. Watu wa Provence wana mchuzi wao wa ng'ombe uitwao daube: nyama ya kuchemka muda mrefu ikatwe vipande vikubwa, ilale usiku kucha kwenye mvinyo mwekundu na vitunguu, vitunguu saumu, karoti, jani la bay na kipande cha ganda la chungwa, halafu iwekwe kwenye moto mdogo saa tatu au nne na kifuniko juu. Kwa ndizi za kupika inakwenda vizuri kabisa.